Chikanda ipite mlango wa mbele

Gunia la viazi vya chikanda halimvutii mgeni. Vilivyomo ni vidogo, vingi havizidi kidole gumba, vimenyauka na bado vimeshika udongo wa mlimani. Lakini mchuuzi anayevivusha kutoka Tunduma na mnunuzi anayevisubiri Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka, wanajua thamani yake, kwa sababu huko mbele, kuanzia Kasama hadi miji ya migodi ya shaba na Lusaka, chikanda huliwa nyumbani, sokoni na kwenye sherehe, na siku hizi huuzwa hata katika maduka makubwa. Kila kiazi kilichomo ndani ya gunia hilo ni cha okidi, mmea wa maua unaoota wenyewe katika mbuga za nyasi za milimani. Hakuna aliyeupanda, hakuna aliyeupalilia, na baada ya kuchimbwa hakuna anayejua kama mwingine utaota pale pale. Biashara hii imepita Tunduma kwa miaka mingi bila kuandikwa popote panapostahili. Hoja yangu ni kwamba itambuliwe, ipewe kibali na ihesabiwe mpakani, na vijiji vyenye mbuga hizo vipewe mamlaka ya kuamua nani achimbe, wapi na wakati gani. Kuipiga marufuku kwa maneno huku ikiendelea kwa vitendo ndiyo njia ya uhakika ya kuzimaliza okidi zenyewe.

Kwanza tukiheshimu chakula chenyewe, maana wengi wanaokisema vibaya hawajui kinavyopikwa. Viazi huoshwa, hukaushwa, kisha hutwangwa kwenye kinu na kuchekechwa mpaka unga uwe laini. Karanga nazo hutwangwa zikiwa mbichi. Maji huchemshwa pamoja na unga wa karanga, chumvi na pilipili, kisha unga wa chikanda humwagwa kidogo kidogo huku mwiko ukizunguka, pamoja na magadi, au soda kwa mapishi ya mjini. Hapo ndipo kazi ya kiazi inapoonekana: kina utomvu unaovuta maji na kushika, kwa hiyo sufuria iliyokuwa na uji mwepesi hugeuka bonge zito linalonyumbuka. Wapishi wa zamani hufunika sufuria na kuweka makaa juu ya kifuniko ili bonge liive pande zote. Likipoa hukatwa vipande, na kipande hukaa imara mkononi, chenye rangi ya udongo na ladha ya karanga. Wazambia huiita polony ya Kiafrika kwa sababu ikikatwa hufanana na soseji nene, ingawa haina nyama hata chembe. Baadhi ya watu wa Nyanda za Juu Kusini huijua kwa jina la kinaka. Kwa vyovyote iitwavyo, ni upishi wenye ufundi, uliotokana na watu walioijua mimea yao vizuri kiasi cha kugundua kuwa kiazi kidogo cha porini kinaweza kushikamanisha karanga kuliko unga wowote walionao.

Tatizo linaanzia ardhini. Okidi hizi, nyingi zikiwa za jamii za Disa, Satyrium na Habenaria, huwa na viazi viwili kwa wakati mmoja. Kimoja ni cha mwaka uliopita, kimesinyaa kwa kuwa kimeshautoa uhai wake kwenye jani na ua la msimu huu. Kingine ni kipya, kimenona, kimejaa akiba ya msimu ujao. Mchimbaji huchukua kile kilichonona, kwa sababu ndicho chenye unga, na kwa kukichukua ameuchukua mmea wa mwakani. Ni tofauti na kuchuma mchicha ambao ukikatwa huchipua, au kuvuna muhogo ambao shina lake hukatwa na kuchomekwa tena. Mbegu za okidi nazo ni za namna ya pekee: ni ndogo kama vumbi, ganda moja hubeba maelfu, lakini hazina chakula ndani yake. Ili ichipue, mbegu lazima ikutane na kuvu maalumu udongoni atakayeilisha, na hata ikikutana naye itapita miaka kadhaa kabla ya kutoa ua. Mchimbaji anahitaji kuona jani na ua ili ajue pa kuchimba. Kwa hiyo mmea huchimbwa ukiwa na maua, kabla haujamwaga mbegu, na hasara inakuwa mara mbili: ameondoka mama na ameondoka mtoto.

Mwaka 2003 jarida la Oryx lilichapisha utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi kuhusu biashara hii katika Nyanda za Juu Kusini. Walikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinapelekwa Zambia kila mwaka. Ukiigawa hesabu hiyo kwa siku za mwaka unapata viazi 6,000 hadi 11,000 kila siku, na kila kimoja ni mmea uliong'olewa. Sababu ya wanunuzi kuja kwetu ilikuwa wazi tangu hapo: mbuga za kaskazini mwa Zambia, ambako Wabemba walikuwa wakichimba chikanda kwa matumizi ya nyumbani, hazikuweza tena kulisha miji iliyokuwa inakua. Chakula cha kijijini kilipogeuka kuwa chakula cha mjini, mahitaji yalivuka mpaka, yakaja Tanzania, yakaenda pia uwanda wa Nyika nchini Malawi, Kongo na Angola. Huu ndio mwenendo unaotakiwa kututia wasiwasi. Soko halikusimama baada ya mbuga za Zambia kupungukiwa. Lilihama. Na likizimaliza zetu litahamia kwingine, litawaacha wachimbaji wa Makete, wa Mbeya na wa Songwe bila viazi na bila fedha.

Serikali haikukaa bure. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye kilomita za mraba 412.9 na aina zipatazo 45 za okidi za ardhini. Ilikuwa hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea, na biashara ya chikanda ilikuwa miongoni mwa sababu zilizosukuma uamuzi huo. Ninaiunga mkono Kitulo bila kusita. Lakini hifadhi ina mpaka, na okidi hazikuumbwa ndani ya mpaka huo peke yake. Zipo kwenye vilima vya vijiji, kwenye malisho, kwenye mabonde yenye majimaji ambayo hayana askari wala bango. Kufunga Kitulo kuliokoa Kitulo. Hakukupunguza hata bonge moja la chikanda kwenye sahani ya Lusaka, kwa hiyo mzigo uliokuwa ukitoka hifadhini ulibaki ukitafutwa mahali pengine. Watafiti waliorudi kuichunguza biashara hii miaka kumi baadaye waliikuta bado inaendelea, pande zote mbili za mpaka.

Tunao pia mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaojulikana kwa kifupi kama CITES. Okidi zote zimo humo, nyingi katika Jedwali la Pili. Watu wengi husikia CITES wakadhani ni marufuku, kama ilivyo kwa pembe za ndovu. Sivyo. Jedwali la Pili linaruhusu biashara, kwa sharti kwamba nchi inayouza itoe kibali, na kibali kisitoke mpaka wataalamu wake waseme kuwa uvunaji huo hautaimaliza mimea porini. Tanzania na Zambia zote ni wanachama kwa zaidi ya miaka arobaini. Maana yake sheria ninayoiomba ipo tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kuitekeleza mahali ambapo inatekelezeka.

Mahali hapo ni Tunduma. Fikiria sura ya biashara hii: wachimbaji ni wengi, wametawanyika katika mamia ya vilima, kila mmoja na jembe dogo na kikapu. Wanunuzi wa vijijini ni wachache zaidi. Wasafirishaji ni wachache kuliko hao. Na mwisho wa yote mzigo mkubwa unabanana kwenye mji mmoja, penye barabara kuu ya kwenda Zambia, penye reli ya TAZARA, na penye kituo cha huduma kwa pamoja mpakani ambacho tangu mwaka 2019 kinawaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Kumfukuza mama mmoja mmoja mlimani ni kazi isiyokuwa na mwisho, na kwa maoni yangu ni kazi isiyo ya haki. Kukagua gunia ambalo tayari limefika mezani ni kazi ya kawaida, inayofanywa kila siku kwa mahindi, mchele na maharage. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu inakagua mazao yanayovuka mipaka yetu. Chikanda nayo ni zao la mmea linalovuka mpaka. Ikiwekewa fomu yake, ikapimwa kwa kilo, ikaandikwa imetoka kijiji gani, kwa mara ya kwanza tutakuwa na takwimu za mwaka hadi mwaka badala ya kuegemea makadirio ya miaka ya nyuma.

Lakini kuhesabu mpakani hakutoshi kama huko mlimani okidi ni mali ya atakayewahi. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mbuga isiyo na mwenyewe humlazimisha kila mchimbaji achimbe leo, kwa kuwa akiacha kiazi kwa ajili ya mwakani, jirani atakichukua kesho. Kinachoonekana kama uroho ni hesabu ya mtu asiye na uhakika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinaviwezesha vijiji kutenga maeneo yao, kuyatungia sheria ndogo na kukusanya mapato ya mazao yake. Kilwa walifanya hivyo kwa mpingo. Vijiji kama Kikole vilitenga misitu yao, vikakubali kuvuna kwa mpango, na mwaka 2009 misitu hiyo ikapata cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu, FSC, ya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Mpingo ulikuwa ukiondoka Kilwa kwa bei ya kutupa kabla ya hapo, na kijiji hakikupata chochote. Kilichobadilika ni kwamba mti ulipata mwenyewe, na mwenyewe akawa na sababu ya kusubiri. Okidi si mti na mbuga si msitu mnene, lakini utaratibu ni ule ule: kijiji kigawe mbuga yake vipande, kipande kimoja kichimbwe na vingine vipumzike kwa miaka kadhaa, uchimbaji uanze baada ya maganda ya mbegu kukauka na kupasuka, na mchimbaji aache mimea ya kutosha katika kila kipande. Mimea iliyokauka haionekani kwa urahisi, kwa hiyo maeneo yawekewe alama ikiwa bado na maua. Hayo yanawezekana kwa watu wanaokwenda mlimani kila msimu na wanaoujua kila mteremko.

Kuna watakaosema: kibali kitakuwa pazia. Magunia ya Kitulo yataandikwa jina la kijiji jirani, na ofisa wa mpakani hataweza kutofautisha. Ni pingamizi zito, maana kiazi kilichokauka hakisemi kilitoka wapi. Wanasayansi waliopima vinasaba vya chikanda iliyokwisha kupikwa, na vya viazi vya sokoni, walikuta aina nyingi zimechanganyika, zikiwamo ambazo hazikuwa zimewahi kutajwa kuwa zinaliwa. Ikiwa maabara ndiyo inayohitajika kujua kilichomo, jicho la ofisa halitatosha. Ndiyo sababu kibali kisiegemee aina ya okidi bali eneo na kiasi. Kijiji chenye ukubwa fulani wa mbuga kinajulikana kinaweza kutoa kilo ngapi kwa msimu, na kikileta mara tatu ya hizo, hesabu yenyewe inashtaki. Wanakijiji pia watakuwa walinzi wenye maslahi, kwa sababu kila kilo ya wizi inayoingizwa kwa jina lao inakula mgao wao. Udanganyifu utakuwapo, sikatai. Lakini leo hatuna hata namba inayoweza kudanganywa.

Wengine watauliza kwa nini tusiilime tu, tukamaliza mjadala. Swali hili linastahili jibu refu kidogo kwa sababu linategemea mifano mizuri. Wameksiko wana mpungate, ule mmea wa miiba ambao wengine huuita dungusi kakati. Mashina yake mapana, ambayo kwa mazoea huitwa majani na wao huyaita nopal, yalianza kuliwa kutoka porini zama za kale, na leo hulimwa kwenye mashamba makubwa, mojawapo ya maeneo mashuhuri likiwa Milpa Alta, ndani ya mipaka ya Jiji la Mexico. Mkulima hukata jani changa, huparua miiba kwa kisu, huosha, hulikata vipande na kulichemsha na chumvi mpaka ute wake upungue, kisha hula na mayai, nyanya au nyama. Mahitaji ya mamilioni ya watu hayajaumaliza mpungate. Kinyume chake, katika Laikipia nchini Kenya mpungate ulioletwa na wageni umezidi kipimo hadi umekuwa adui wa malisho, na Tigray nchini Ethiopia matunda yake, beles, huwalisha watu katika miezi ya njaa. Yote hayo yanatokana na tabia moja ya mmea: jani likianguka chini linaota mizizi. Mpungate hausubiri kuvu, hausubiri mbegu, hauhitaji hata udongo mzuri. Okidi ya Nyanda za Juu iko upande wa pili kabisa. Ukikihamishia kiazi chake bustanini bila kuvu wake, mara nyingi kinakufa. Majaribio ya kuiotesha kwenye maabara yanaendelea, na ningependa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, kilicho jirani kabisa hapo Mbeya, kipewe fedha za kushiriki. Lakini kumwambia mchimbaji wa leo asubiri shamba ambalo bado halipo ni kumwambia asubiri bila kumpa kitu. Mpaka kilimo cha okidi kiwe kweli, mbuga ya asili ndiyo shamba letu pekee.

Kuna pingamizi la tatu, ambalo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba chikanda ni chakula cha Wazambia, basi shida ni yao. Anayesema hivyo haujui mkoa wa Songwe. Wanyamwanga wako Momba na wako Nakonde, wanaoana, wanazikana na wanapika pamoja, na mpaka uliochorwa na wakoloni haukuwagawia vyungu. Hata tukiacha undugu, kiazi kinachimbwa kwetu. Zambia inapata mlo, sisi tunapata bei ndogo ya mali ghafi na mashimo mlimani. Kama kuna upande wenye sababu ya kuudai utaratibu huu, ni huu wetu. Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2016 kwa kugawanywa kwa Mbeya, na unaishi kwa kiasi kikubwa kwa kilichomo barabarani na mpakani. Unaweza kuwa wa kwanza nchini kusimamia zao hili vizuri.

Swali linalonigusa zaidi ni la wachimbaji wenyewe. Utafiti uliofanyika Makete na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa uchimbaji wa okidi uliegemea kaya maskini, zikiwamo zilizopoteza nguvu kazi kwa UKIMWI, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Kiazi hakihitaji mtaji, hakihitaji mbolea wala ng'ombe wa kulimia. Kinahitaji mikono na muda. Utaratibu wowote utakaodai leseni ya gharama, safari za ofisini au fomu ya kurasa nyingi utamwondoa mama huyu na kumwachia biashara mwenye gari. Kwa hiyo ada ilipwe na msafirishaji, kwa kilo, pale Tunduma, na sehemu yake irudi moja kwa moja kwenye akaunti ya kijiji kilichotajwa kwenye karatasi. Mchimbaji aandikishwe kijijini kwake bila malipo, kwa jina, kama anavyoandikishwa mwanachama wa chama cha msingi cha kahawa huko Mbozi. Bei ya chini kwa kilo ikibandikwa kwenye ofisi ya kijiji, mnunuzi hatamdanganya mtu asiyejua chikanda inauzwaje Nakonde.

Nikiri pia kwamba jembe la mchimbaji si adui pekee wa okidi. Nyanda za nyasi zinalimwa viazi mviringo, zinapandwa misonobari, sasa na parachichi, na kila eka inayogeuzwa shamba inapoteza okidi zake zote kwa mkupuo mmoja, uchimbe usichimbe. Hilo kwangu linaipa nguvu hoja ya kuipa chikanda bei halali. Mbuga inayoonekana haina faida ndiyo inayolimwa kwanza. Halmashauri ya kijiji ikiweza kuonyesha kwenye daftari kuwa kilima fulani kililipa kiasi fulani msimu uliopita kikiwa na nyasi zake, mjadala wa kukigeuza shamba utakuwa na pande mbili.

Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, maua yatatokea kuanzia Desemba. Muda uliopo unatosha kuanza na vijiji vichache vya majaribio, vikaainisha mbuga zao na kuandikisha wachimbaji wao, huku ofisi za mpakani za Tunduma na Nakonde zikikubaliana juu ya karatasi moja itakayosomeka pande zote mbili. Msimu wa kwanza usidai ada yoyote. Uwe wa kupima tu: kilo ngapi, kutoka wapi, na ni sehemu gani ya mbuga iliyoachwa na mbegu zake.